Chungu cha Mtori Ugenini

 

Baadhi yenu mmeniomba niandike namna ya kupika mtori usio na nyama, ule ambao wanawake wa usharika wetu huwapelekea wazazi waliotoka kujifungua. Mwezi huu nitaandika, tena kwa vipimo. Lakini mtori huo sikuurithi kwa mama yangu. Nilifundishwa ugenini, na mtu ambaye hakuwa wa kabila langu, wala wa taifa langu, wala wa dini yangu. Kwa hiyo niruhusuni kwanza nieleze jinsi ulivyofika jikoni kwangu.

KWETU NA UGENINI

Mimi ni mzaliwa wa Machame, mkoani Kilimanjaro. Kwetu, mwanamke akijifungua hatoki nje ovyo. Kwa desturi hukaa ndani kiasi cha miezi mitatu, akihudumiwa na mama yake au mama mkwe wake. Kazi yake ni kunyonyesha, kulala na kula. Asubuhi huletewa mtori, mchana mtori, na jioni ukisema umeshiba utaambiwa kwamba anayekula si wewe, ni mtoto. Nilipojifungua mtoto wetu wa kwanza mwaka 2005, mama yangu alihamia kwetu na sufuria zake. Nilinenepa hadi nguo zikanikataa, nami nikamlalamikia. Sikujua kwamba ninalalamikia baraka.

Mwaka 2007 mume wangu alipata nafasi ya kusoma Uingereza, katika mji wa Leicester, nasi tukafuatana naye. Novemba 2008 nikajifungua mtoto wa pili, binti. Wanaoijua nchi ile wanajua Novemba ni mwezi wa namna gani. Ikifika saa kumi na nusu jioni giza limekwisha kuingia, na mvua ya baridi inanyesha kimya kimya kama mtu anayelia asitake kusikika.

Hospitali walinihudumia vizuri, na siku ya pili wakaniruhusu kwenda nyumbani. Mkunga alikuja kunitazama mara chache siku za mwanzo, kisha akaniaga. Baada ya hapo mlango ukafungwa. Mume wangu alisoma mchana, na usiku alipanga mizigo katika ghala ili tupate kodi ya nyumba. Kijana wetu alikuwa na miaka mitatu, umri wa kupanda juu ya kila kitu. Mimi nilikula mkate na chai, na siku nyingine nilikula mabaki ya sahani ya mtoto nikiwa nimesimama.

Mama yangu akipigiwa simu swali lake la kwanza lilikuwa moja tu: "Nani anakupikia?" Nami nilimjibu, "Napikiwa, mama, usiwe na wasiwasi." Nilimdanganya mama yangu mzazi kila wiki, nikikata simu nalia. Na nilikuwa silii kwa njaa. Nililia kwa sababu nisiyoijua. Nilikuwa nalala saa mbili, naamka kabla mtoto hajaamka, namtazama binti yangu mzuri, na moyoni sisikii kitu. Nilijiona mama mbaya, na mbele za Mungu nilijiona mtu asiye na shukrani.

Katika siku hizo nilisoma Kitabu cha Hesabu, sura ya 11, pale Waisraeli wanapolia jangwani wakikumbuka samaki, matango, vitunguu na vyakula vingine vya Misri. Tangu utoto nilifundishwa kuwaona ni watu wa manung'uniko, na kweli walikosa. Lakini usiku ule, katika chumba kile cha baridi, niliwahurumia. Mtu akilia kwa ajili ya chakula, mara nyingi analia kwa ajili ya mikono iliyokuwa ikikipika.

MASWALI KUMI

Kule Uingereza huja muuguzi nyumbani kuangalia maendeleo ya mama na mtoto. Huyo wa kwangu alikuja na karatasi yenye maswali 10 ambayo huulizwa akina mama waliojifungua ili kutambua kama wana sonona. Maswali hayo yalitungwa huko Edinburgh, nayo hutumika katika nchi nyingi tangu mwaka 1987. Je, unaweza kucheka? Je, unajilaumu bila sababu? Je, umewahi kufikiri kujidhuru?

Akina mama wenzangu, mimi ni muuguzi. Nilizijua alama zinavyohesabiwa. Nikajibu maswali yote 10 jinsi anavyojibu mtu mzima wa afya, nikatabasamu, nikamtengenezea chai. Akaniandika kwamba sina tatizo. Kwa nini nilifanya hivyo? Niliona haya. Nilidhani Mkristo aliyeokoka, tena muuguzi, hawezi kuumwa ugonjwa wa namna ile.

BIBI WA JIRANI

Nyumba ya pili kutoka kwetu aliishi bibi mmoja wa Kihindi pamoja na mwanawe aliyekuwa na duka. Wajukuu zake walimwita Ba, nami baadaye nikamwita hivyo hivyo. Nikiri kosa langu: nilikuwa nimepita mbele ya mlango wake zaidi ya mwaka bila kumsalimia vizuri. Nilitoka nyumbani na maneno ya mitaani kuhusu Wahindi, kwamba ni watu wa kujitenga, nami nikajitenga nao kwanza.

Siku moja nilikuwa namwita kijana wangu uani kwa Kiswahili. Sauti ikatoka upande wa pili wa ua: "Mama, mtoto mchanga analia sana. Wewe mwenyewe umekula?"

Nilishtuka. Lilikuwa ni swali la mama yangu, kwa Kiswahili, katika mji wa Leicester.

Ba alikuwa mzaliwa wa Kampala. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka nchini, na zaidi ya 27,000 kati yao walipokelewa Uingereza. Wengi walikwenda Leicester, ingawa halmashauri ya mji huo ilikuwa imetoa tangazo katika gazeti la Uganda ikiwasihi wasiende huko. Walikwenda, wakafungua maduka, na leo barabara ya Belgrave ni sehemu ya kujivunia katika mji ule. Ukiingia katika maduka yake utakuta ndizi mbichi, bamia, choroko, unga wa mahindi na muhogo. Muhogo wenyewe wanauita "mogo", neno walilolichukua kwetu wakaondoka nalo pamoja na masanduku yao.

Ba alifika Uingereza akiwa na mtoto wa wiki chache mgongoni. Walipelekwa kwanza katika kambi ya zamani ya jeshi. Aliniambia kwamba chakula cha pale hakikupita kooni, maziwa yake yakapungua, naye akakaa kitandani akitazama ukuta. Kisha mama mmoja wa Kiingereza aliyekuwa akijitolea kambini akamshika mkono, akampeleka jikoni, akamwonyesha jiko na kumwachia nafasi. Hawakuelewana hata neno moja. "Yule mama alinipa sufuria tu," Ba aliniambia. "Mimi nikapika. Nikalia, nikala."

Siku ile ya kwanza aliniuliza, "Kwenu mzazi anapewa nini?" Nikajibu, "Mtori." Nilipolitamka neno hilo machozi yakanitoka mbele ya mtu nisiyemjua. Hakuniuliza ninalilia nini. Alimtuma mjukuu wake dukani akaleta ndizi, akanikalisha kwenye kiti jikoni kwangu mwenyewe, akaniambia nimwelekeze.

Palikuwa na jambo moja: Ba hakula nyama, wala hakuipika. Nikasema mtori hauwezi kuwa mtori bila nyama. Akasema kwao mzazi hupewa choroko, kwa kuwa ni nyepesi tumboni na zina nguvu. Basi tukaweka choroko mahali pa nyama, yeye akaongeza tangawizi na manjano, mimi nikapekecha. Haukuwa mtori wa mama yangu. Ulikuwa wa manjano na ulinukia jiko la Kihindi. Nilikula mabakuli mawili, na usiku ule kwa mara ya kwanza nililala saa nne mfululizo, kwa sababu Ba alimchukua mtoto hadi mume wangu aliporudi.

Dada mmoja niliyekuwa nikisali naye alinionya kwamba si vema kula chakula cha mtu wa dini nyingine. Najua wapo wasomaji watakaoniuliza hilo, nami nawajibu kama nilivyomjibu. Bwana Yesu alipoulizwa jirani ni nani, katika Luka sura ya 10, alimtaja Msamaria, mtu ambaye wasikilizaji wake wasingekaa naye meza moja. Yule aliyepigwa barabarani hakuwa na nafasi ya kuchagua nani amfunge majeraha. Nilimshukuru Mungu kwa ajili ya chakula kile, nikakila.

Ba alikuja karibu kila siku. Mume wangu naye akafundishwa kukata vitunguu, naye hajaacha hadi leo. Lakini baada ya wiki mbili Ba aliniketisha akasema, "Chakula unakula sasa. Lakini macho yako bado. Nenda kwa daktari, mimi nitabaki na watoto." Nikaenda, na safari hii nikasema kweli. Nilipewa mtu wa kuzungumza naye na dawa zinazofaa kwa mama anayenyonyesha. Nafuu ilikuja polepole, baada ya wiki kadhaa. Siku niliyomtazama binti yangu nikasikia moyo umejaa, nilipiga magoti palepale jikoni.

Naomba mnielewe vizuri. Mtori haukuniponya sonona. Daktari alinitibu kwa neema ya Mungu. Lakini bila sufuria ile nisingefika kwa daktari, kwa kuwa nilikuwa nimeufunga mlango, na sufuria ndiyo iliyoufungua.

JINSI YA KUPIKA MTORI WA CHOROKO

Vitu vinavyohitajika (watu 5):
Ndizi mbichi 8 za wastani, mshare zikipatikana
Choroko zilizokobolewa, kikombe 1 cha chai
Kitunguu maji 1 kikubwa
Karoti 1
Tangawizi mbichi, kipande cha urefu wa kidole gumba
Manjano, robo ya kijiko cha chai
Maziwa freshi, nusu kikombe
Samli, kijiko 1 cha chakula
Chumvi, nusu kijiko cha chai
Maji, vikombe 6

Namna ya kupika:
1. Chagua na osha choroko, loweka kwa saa moja, kisha mwaga maji hayo.
2. Paka mafuta kidogo mikononi ili utomvu usikushike. Menya ndizi, zikate vipande na uzitumbukize kwenye maji safi zisigeuke kuwa nyeusi.
3. Bandika choroko na maji vikombe 6. Zikianza kuchemka, engua povu, tia manjano, zichemshe kwa dakika 20.
4. Ongeza ndizi, karoti iliyokwanguliwa na chumvi. Funika, chemsha kwa moto wa wastani dakika 25 au mpaka ndizi ziwe laini kabisa.
5. Epua, pekecha kwa mwiko au upekecho mpaka ulainike. Ukiwa mzito mno ongeza maji ya moto.
6. Katika sufuria ndogo kaanga kitunguu na tangawizi iliyotwangwa kwa samli mpaka kitunguu kiwe laini. Mimina kwenye mtori.
7. Tia maziwa, rudisha motoni uchemke dakika 5 huku unakoroga usishike chini. Andaa ukiwa wa moto.

Mwenye uwezo wa kupata nyama asiache kumpikia mzazi mtori wa nyama, kwani nyama ina madini ya chuma yanayoingia mwilini kwa urahisi. Madini ya chuma yaliyo katika choroko huingia vizuri zaidi ukila pamoja na chungwa, pera au papai. Chai huyazuia, hivyo ngoja kama saa moja baada ya kula ndipo unywe. Vidonge vya kuongeza damu ulivyopewa kliniki endelea kuvimeza, maana mtori haushiki nafasi yake.

Tena, wengi huamini kwamba mtori ndio unaoleta maziwa. Mtori humpa mama nguvu na maji, nayo ni mambo ya lazima. Lakini kinacholeta maziwa hasa ni mtoto kunyonya mara kwa mara, mchana na usiku. Usimpe mtoto mchanga mtori wala maji. Maziwa ya mama peke yake yanamtosha mpaka atimize miezi 6. Baada ya hapo mtori huu, ukiwa mzito kiasi cha kukaa kwenye kijiko, ni chakula kizuri cha kumwanzishia.

ZAMU YA CHUNGU

Tuliporudi nyumbani mwaka 2011, nilimweleza mama yangu ukweli wote, pamoja na uongo wangu wa kwenye simu. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniambia, "Nionyeshe alivyoupika." Nikampikia. Akauonja, akasema tangawizi imezidi, akaumaliza. Kesho yake akaupika mwenyewe na kumpelekea binti wa jirani aliyekuwa na mtoto wa siku tano. Ndipo ilipoanzia kazi ambayo wanawake wa usharika wetu wanaiita zamu ya chungu.

Kila anayejifungua katika mtaa wetu, awe Mlutheri au Mwislamu au mtu asiyesali popote, hupelekewa chakula mara tatu kwa wiki kwa siku 40. Tumejiwekea masharti machache. Usikae zaidi ya nusu saa. Usiseme mtoto ni mweupe au mweusi, wala mama amenenepa au amekonda. Osha vyombo utakavyovikuta. Utakayoyasikia humo ndani yaache humo. Na usiondoke kabla hujauliza swali la pili.

Swali la kwanza ni "Hujambo?" na kila mtu hujibu "Sijambo." Swali la pili ni "Unapata usingizi mtoto akilala?" au "Moyo wako ukoje?" Hapo nyamaza umngoje. Miaka miwili iliyopita nilimtembelea mke mmoja kijana, mgeni katika mji wetu, ambaye mume wake alikuwa amehamishiwa huku kikazi. Nyumba yake iling'aa, yeye mwenyewe alikuwa amesuka vizuri na kutabasamu. Nilijiona mimi mwenyewe na kikombe changu cha chai. Nilipomuuliza swali la pili alinitazama kwa muda, akasema, "Dada, nimechoka kuishi." Hatukumwacha peke yake hata dakika moja. Tulikwenda hospitali jioni ile ile. Leo yumo katika zamu, naye hupika choroko kuliko mimi.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba katika kila wanawake 100 wanaojifungua duniani, kiasi cha 13 hupata ugonjwa wa akili, hasa sonona, na katika nchi zinazoendelea hukaribia 20. Huzuni na machozi ya siku za mwanzo ni ya kawaida na huisha yenyewe. Lakini ikipita wiki mbili mama bado analia, halali hata akipata nafasi, hali, anajilaumu, au hamjali mtoto, mpelekeni kituo cha afya. Akisema anataka kujidhuru au kumdhuru mtoto, au akianza kuona na kusikia visivyokuwepo, msingoje hata saa moja. Mwombeeni njiani mnapokwenda. Vivyo hivyo akitokwa na damu nyingi, akiwa na homa, uchafu wenye harufu mbaya, kichwa kikali na macho kuona ukungu, au mguu mmoja kuvimba na kuuma.

Mama yangu alimwombea Ba kila jioni mpaka alipofariki, bila kuwahi kumwona. Alikuwa akimtaja kama "yule dada yangu wa ng'ambo." Ba naye ametangulia. Sijui kama yule mama wa Kiingereza wa kambini aliwahi kupata habari kwamba sufuria aliyoiazima mwaka 1972 bado ipo motoni, huku chini ya Mlima Kilimanjaro.

Kwa hiyo, mama mwenzangu, mwezi huu fikiri: katika mtaa wako ni nani aliyejifungua karibuni na hana mama wa karibu? Pengine ni mpangaji mgeni, pengine ni binti aliyefukuzwa nyumbani, pengine ni yule ambaye hamsalimiani. Usingoje akuombe, maana hataomba. Bandika sufuria, ubishe hodi.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya chakula cha mtoto anayeanza kula, na jinsi ya kumwandalia kwa vitu vilivyomo shambani na sokoni. Mpaka hapo, Bwana azibariki jiko zenu na mikono inayozitumikia. Amina.